"Marehemu Alishika Nyadhifa Mbalimbali"

Ukifungua jalada la mhitimu katika chumba chetu cha nyaraka, utakutana na kijana wa miaka ishirini na kitu. Kuna barua yake ya maombi, matokeo ya kidato cha sita, picha ndogo iliyobanwa kwa pini yenye kutu, namba ya chumba bwenini na alama za kila somo, hata lile alilorudia. Karatasi ya mwisho ni ya mahafali. Miaka arobaini iliyofuata ya kazi, uhamisho, ndoa, kustaafu na maradhi haimo. Hiyo iko nyumbani kwake, na mara nyingi iko kichwani mwa mjane peke yake.

Mimi ni mhifadhi nyaraka wa chuo kikuu. Wengi wanaobisha hodi ofisini wanamtafuta mtu aliyekwisha kufariki: baba, bibi, mjomba. Wapo wenye shauri la mirathi, wapo wanaoandika historia ya ukoo, na wapo wanaotaka tu kuhakikisha kwamba mzee alisoma kweli kama alivyokuwa akisimulia barazani. Karibu wote hukwama mahali pamoja, na mahali penyewe ni jina.

Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025 huko Marekani, alihitimu Kiingereza pale Makerere mwaka 1963. Anayemtafuta kwenye kumbukumbu za miaka ile kwa jina tunalolijua atatoka mikono mitupu, kwa sababu mwanafunzi yule aliitwa James Ngugi. Wangari Maathai naye alimaliza shahada ya biolojia Kansas mwaka 1964 na ya uzamili Pittsburgh mwaka 1966, na huko alijulikana kama Mary Josephine, Mary Jo kwa rafiki zake. Alipopata shahada ya uzamivu Nairobi mwaka 1971, mwanamke wa kwanza kufika hapo Afrika Mashariki na Kati, alikuwa ameolewa na Mwangi Mathai. Ile "a" ya ziada aliiongeza baada ya talaka, mume alipomtaka aache kutumia jina lake. Mtu mmoja, vyuo vitatu, na mtafutaji asiyejua hadithi hiyo atadhani ni wanawake wawili.

Kama watu mashuhuri namna hiyo wanapotea, mwalimu wa sekondari wa Kasulu atapatikanaje? Njooni na jina lililo kwenye cheti chake cha shule, si lile la kwenye tangazo la kifo. Kwa akina mama ulizeni jina la kabla ya kuolewa, na msiridhike na la kwanza mtakaloambiwa.

Kikwazo kingine ni jina la chuo. Niliwahi kupokea familia iliyokuja na ubishi. Upande mmoja ulishikilia kwamba baba alisoma London kwa kuwa cheti kimeandikwa hivyo, na upande wa pili uliapa kwamba mzee hakuwahi kupanda ndege kabla ya uhuru. Wote walikuwa sahihi. Kuanzia 1949 Makerere ilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na shahada zilitolewa kwa jina la London. Mwaka 1963 kikaundwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilichounganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, kikadumu hadi 1970 kila nchi ilipochukua chake. Kwa hiyo cheti cha mtu aliyesoma Mlimani mwaka 1968 hakitaji Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kama tunavyokijua leo. Na wale wanasheria wa mwanzo kabisa hawakuanzia Mlimani. Walianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, wakiwa hawazidi kumi na wanne, na chuo kikahamia kilimani mwaka 1964.

Tuangalie pia kiwango cha elimu, kwa sababu msibani kila aliyepita Makerere huitwa mwenye shahada. Mwalimu Nyerere alitoka Makerere mwaka 1945 na stashahada ya ualimu. Shahada aliichukua Edinburgh mwaka 1952. Kuandika "stashahada" hakumpunguzii marehemu kitu.

Sasa nije kwenye kinachoniuma hasa. Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, tangu karne ya 19 hadi katikati ya karne ya 20, kilikuwa kikichapisha kila mwaka kumbukumbu za wahitimu wake waliofariki. Waziri aliandikwa, na mwalimu wa kijijini aliandikwa: alizaliwa wapi, alifanya kazi gani na mwaka gani, alioa nani, alikufa kwa nini. Kwetu kazi hiyo hufanywa na kamati ya mazishi kwa usiku mmoja. Anaitwa mpwa mwenye kompyuta, anakalishwa kwenye kona ya turubai, anaambiwa aandike wasifu. Wanaojua habari wako ndani wanalia. Basi anaandika alichosikia kwenye misiba mingine: "Baada ya kuhitimu, marehemu alifanya kazi sehemu mbalimbali na kushika nyadhifa mbalimbali."

Neno "mbalimbali" limefukia watu wengi kuliko udongo. Na kwa ndugu zetu Waislamu, ambako maiti huzikwa siku ileile, mara nyingi hakuna wasifu ulioandikwa kabisa, ingawa arobaini ingetosha kuuandaa kwa utulivu.

Mtazameni Benjamin Mkapa, aliyefariki Julai 2020. Ukisema "alikuwa Rais" umesema kweli, lakini umemkosa mtu. Alihitimu Makerere mwaka 1962, akaanza kama ofisa wa serikali Dodoma, akaingia mambo ya nje, akahariri magazeti kwa miaka, akawa mwandishi wa habari wa Rais, kisha balozi Nigeria, kabla hajawa waziri mwaka 1977. John Magufuli alifundisha Sengerema kabla ya kupata shahada yake ya kwanza mwaka 1988, akawa mkemia wa ushirika wa Nyanza kule Mwanza, na uzamivu wa kemia akaupata mwaka 2009 akiwa tayari waziri. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, mwandishi wa riwaya na mashairi tuliyempoteza Januari 2020, alisoma Dar es Salaam, akapata uzamivu Wisconsin, kisha akafundisha miaka mingi Botswana. Sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi nyaraka zake haziko Tanzania kabisa.

Hao wana waandishi wa kuwafuatilia. Baba yako ana wewe tu. Tafuta barua ya ajira ya kwanza, ile ya kuthibitishwa kazini na barua za uhamisho. Wazee wa serikalini walizitunza kwenye sanduku la bati au bahasha ya kaki, na nimeona zikichomwa pamoja na takataka siku ya kuanua tanga. Tarehe ya barua ya uhamisho inaeleza kwa nini mtoto wa tatu alizaliwa Songea na wa nne Bukoba.

Mkija kwetu, leteni cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na barua ya msimamizi wa mirathi kama mnataka alama zake, maana alama za mtu hatumpi kila apitaye, hata mwenyewe akiwa kaburini. Mwaka wa kuhitimu na shahada yake ni jambo jepesi zaidi, kwa kuwa vilitajwa hadharani siku ya mahafali. Nanyi mtuachie nakala ya wasifu uliosomwa makaburini, hata kama una makosa. Tutautia kwenye jalada, nyuma ya ile karatasi ya mwisho.

Picha za zamani pia tunazipokea. Andikeni majina na mwaka upande wa nyuma kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza. Wino wa kalamu hupenya, na baada ya miaka michache hutokeza usoni pa mtu.