Mgombea binafsi wa ugavana Marekani

Gavana wa jimbo nchini Marekani ndiye mkuu wa serikali ya jimbo lake: husaini miswada au huikataa, na kukitokea maafa huwaita askari wa akiba. Mgombea binafsi, au mgombea huru, ni anayeutaka ugavana bila kusimamishwa na chama chochote. Katiba ya Tanzania haimruhusu. Marekani anaruhusiwa, ila kila jimbo lina masharti yake, na kazi inaanzia hapo.

Anayeshinda kura za mchujo za Democratic au Republican jina lake linaingia kwenye karatasi ya kura. Mgombea binafsi lazima asake wadhamini. Maine hutaka saini 4,000. Texas hutaka saini zinazofikia asilimia 1 ya kura za ugavana za uchaguzi uliopita; mwaka 2006 zilizidi 45,000. Tena ukishapiga kura ya mchujo ya chama mwaka huo, huruhusiwi kumdhamini. Huu ni uonevu mtupu: mwananchi ananyimwa haki moja kwa sababu ametumia nyingine. Mwaka huo wagombea binafsi wawili, Carole Keeton Strayhorn na Kinky Friedman, walizipata saini hizo, wakaingia ulingoni. Gavana Rick Perry akashinda kwa asilimia 39 tu, kwani Texas hakuna duru ya pili. Anayeongoza ndiye mshindi.

Hapo ndipo inapozaliwa hofu ya kugawa kura. Maine mwaka 2010, Paul LePage wa Republican alipata kama asilimia 38, Eliot Cutler, mgombea binafsi, 36, na Libby Mitchell wa Democratic 19. Wasiomtaka LePage walikuwa wengi, lakini walitawanyika. Hata hivyo Maine hiyohiyo iliwahi kumchagua James Longley mwaka 1974, kisha Angus King mwaka 1994 na 1998, wote bila chama.

Alaska walipata njia nyingine. Mwaka 2014 Bill Walker alijitoa Republican, na Byron Mallott, aliyekwisha kushinda mchujo wa Democratic, akakubali kuwa mgombea mwenza wake. Wapinzani wa Gavana Sean Parnell wakabaki na mtu mmoja wa kumpigia, na Walker akashinda. Mwaka 2018 Walker akagombea tena, lakini Democratic wakamsimamisha Mark Begich, na hofu ya kugawa kura ikarudi. Oktoba, karatasi zikiwa zimeshachapishwa, Walker akajitoa kwenye kinyang'anyiro.