71 ya nini, mwanangu?

Nimeletewa tena tasnifu, ya tatu tangu Januari, na kwenye matokeo imeandikwa wastani wa kukabiliana na msongo ni 71. Nikamuuliza mwanafunzi 71 ya nini. Akajibu bila hata kupepesa, "ya jumla mwalimu, maswali yote 28, mwenye alama nyingi ndo anakabiliana vizuri." Nikafunga laptop nikaenda kunywa chai.

Jamani, Brief COPE, hilo dodoso la kupima mtu anakabilianaje na msongo, haina jumla! Mwanasaikolojia Carver aliitoa 1997, kifupisho cha COPE ya 1989, ina vipengele 14, kila kimoja maswali mawili, majibu 1 mpaka 4. Humo ndani kuna kupanga na kutafuta ushauri ila kuna pia pombe, kukanusha, kujilaumu na kukata tamaa, sasa wewe unavijumlisha vyote kama nyanya za fungu! Yaani jamaa anayelewa kila jioni na kujilaumu kila asubuhi anapanda alama, na aliyejaza 4 kila mahali anapata 112, bingwa, kumbe mwenzenu anaungua. Carver mwenyewe alishasema hakuna alama ya jumla, na hata yale makundi ya "njia nzuri" na "njia mbaya" sio yake, uangalie data yako vipengele gani vinakaa pamoja. Nyie mnanakili makundi kwenye tasnifu ya kaka aliyemaliza juzi.

Alfa, ile namba ya kuonyesha maswali ya kipengele kimoja yanakwenda pamoja kiasi gani, nitapita haraka. Kila kipengele ni maswali mawili tu, ikitoka 0.55 usipate presha. Na ya pombe ikitoka 0.9 usishangilie, lile ni swali moja limeulizwa mara mbili.

Kinachonichosha zaidi ni tafsiri, na hapa na mimi nimo. Kuna kipengele cha kukubali, maana yake umeona jambo limeshatokea na unajifunza kuishi nalo. Zamani niliandika "nimekubali matokeo", nikajiona fundi wa lugha. Sasa mtaani ukikubali matokeo si umeshindwa, umenyoosha mikono? Kipengele kikaenda sambamba na cha kukata tamaa, na mimi wiki nzima nikadhani nimegundua kitu kuhusu Watanzania, kumbe nimegundua Kiswahili changu kibovu. Siku hizi nawakalisha watu watano sita, kila mmoja ananieleza swali kaelewaje, ndo nachapisha. Inachosha ila hakuna njia ya mkato.

Dini nayo, karibu kila mtu anajaza 4. Wote wakijaza 4 hapo hujapima kitu, huwezi kumtofautisha aliyeanza kusali baada ya kuugua na ambaye hajawahi kukosa swala maishani.

Halafu kuna utani, ambao sijaupatia jibu mpaka leo. Dodoso linauliza kama WEWE umelifanyia mzaha jambo lililokupata. Sasa msibani mfiwa hatanii, anatania mtani, anaigiza marehemu alivyokuwa anatembea na kudai madeni mpaka mjane anacheka na machozi hayajakauka. Mjane anajaza 1. Kasema kweli kabisa na bado dodoso limemkosa. Nimewahi kufikiria kuuweka kwenye msaada wa kihisia, nikaona nao haukai.

Kijana kaniuliza, kwa hiyo mwalimu niripoti wastani 14? Ndio, 14. Jedwali moja, safu 14, na ile 71 ifute kabla haijaonwa na mtahini wa nje.