Harufu ya gesi jikoni: maswali na majibu kuhusu mtungi, mpira na moto

Gesi ya mtungi ni gesi gani, na mbona inanuka?

Ni propani na butani, zilizogandamizwa mpaka zikawa kimiminika. Zenyewe hazina rangi wala harufu. Kinachonuka ni merkaptani, dawa inayotiwa kwa makusudi, yenye harufu kama ya yai viza. Hiyo ndiyo kengele yako, ila ina kasoro moja kubwa: pua huizoea. Ukikaa ndani ya harufu hiyo kwa dakika kadhaa, unaacha kuisikia na gesi bado ipo. Mwenye mafua na baadhi ya wazee huenda wasiisikie tangu mwanzo. Kwa hiyo mtu akiingia kutoka nje akasema pananuka gesi, mwamini yeye.

Ikivuja inaelekea wapi?

Chini. Propani ina uzito wa mara moja na nusu ya hewa, butani mara mbili hivi. Hutambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika: chini ya kitanda, kwenye karo, chini ya mlango hadi chumba cha pili ambako kuna kibatari. Ndiyo maana dirisha la juu peke yake halitoshi. Mlango ndio unaoitoa.

Huanza kuweza kuwaka ikifikia takriban asilimia 2 ya hewa. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.5 hufika hapo kwa gesi isiyotimia kilo moja, nao mtungi wa kawaida una kilo 6. Tena, kwa kuwa gesi hutuama, hewa ya sakafuni hufikia kiwango hicho kabla ya chumba kizima.

Nimerudi usiku, nafungua mlango nakutana na harufu. Nianze na nini?

Anza kwa kutogusa swichi. Taa iliyozimwa ibaki imezimwa, na inayowaka ibaki inawaka, maana swichi hutoa cheche ndani yake unapowasha na unapozima pia. Vivyo hivyo feni, plagi ya friji, simu na tochi yake. Wengi huwasha tochi ya simu ili wautafute mtungi, usifanye hivyo.

Acha mlango wazi, fungua madirisha unayoyafikia. Kama mtungi uko karibu na unaweza kuufikia bila kukabwa na harufu, ufunge. Harufu ikiwa kali, uache. Amsha waliolala, toeni watoto, wajulishe majirani wasiwashe moto. Simu ipigwe mkiwa nje na mbali na nyumba: Zimamoto Tanzania ni 114, na Kenya namba ya dharura ni 999. Msirudi ndani mpaka harufu iishe kabisa, na jiko lisiwashwe mpaka mahali panapovuja papatikane.

Nitapajuaje panapovuja?

Kwa sabuni. Changanya kijiko kimoja cha sabuni ya maji na nusu kikombe cha maji. Zima kila moto nyumbani, funga vichomeo vyote, kisha fungua mtungi. Paka povu pale regyuleta (kifaa kinachofungwa juu ya mtungi kupunguza mgandamizo wa gesi) inapokutana na vali, yaani mdomo wa mtungi, kisha ncha zote mbili za mpira unaopeleka gesi kwenye jiko, halafu mpira wenyewe toka mwanzo hadi mwisho. Viputo vikianza kukua, hapo ndipo. Funga mtungi mara moja. Usipime kwa kiberiti kamwe, hata kwa nje.

Chanzo cha mara kwa mara ni pete ndogo ya mpira kwenye vali, iliyokatika, iliyokauka au iliyodondoka. Mtungi wa namna hiyo urudishe kwa wakala akubadilishie. Usizibe kwa sabuni ya mche, uzi wala nailoni, gesi itazipenya. Baada ya hapo huja mpira: umetafunwa na panya, umepita nyuma ya jiko ukaiva kwa joto, au umefungwa kwa waya uliokata ndani yake. Tumia kibano cha skrubu. Mpira usizidi mita moja na nusu, na ubadilishwe kufuatana na tarehe iliyochapwa juu yake, au mapema zaidi ukiukunja ukaona nyufa.

Rudia kipimo hiki kila unapobadilisha mtungi. Hakimalizi dakika 5.

Gesi ikikaribia kwisha, naweza kulaza mtungi ili itoke yote?

Hapana. Mtungi ukisimama, inayotoka juu ni mvuke. Ukiulaza, kimiminika chenyewe huingia kwenye regyuleta na mpira, na lita moja yake hufumuka kuwa zaidi ya lita 200 za mvuke. Mwali hulipuka ghafla. Kuuweka kwenye maji ya moto pia ni hatari, kwa kuwa mgandamizo hupanda.

Moto umekuwa wa njano na sufuria zinapata masizi. Ni gesi mbaya?

Mara nyingi kichomeo ni kichafu au hewa haitoshi. Mwali mzuri ni wa bluu. Ule wa njano unaweza kutoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, na jiko la mkaa chumbani huitoa kwa wingi zaidi. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu. Watu wawili au watatu wakiumwa pamoja na kupata nafuu wakitoka nje, shuku hiyo. Nendeni hospitali, na mseme mlikuwa na jiko ndani, kwa sababu kipimo cha kidoleni huonyesha oksijeni ya kawaida hata damu ikiwa imejaa sumu. Tiba ni oksijeni kwa barakoa.

Moto umeshika kwenye regyuleta, nimwagie maji?

Ukiweza kuifikia vali, funika mkono kwa kitambaa kilicholowa na ufunge. Gesi ikikatika, moto hufa. Usipoweza, toka. Kuuzima moto huku gesi inaendelea kumwagika kunageuza mwali unaouona kuwa mlipuko usioutarajia.

Na mtu akiungua?

Weka sehemu iliyoungua chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, si barafu. Vua pete, bangili na nguo, ila nguo iliyogandana na ngozi iache. Usipake dawa ya meno, yai wala mafuta: huziba joto ndani, na daktari atalazimika kuyakwangua. Funika kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Usoni, mikononi, sehemu za siri, au kwa mtoto mdogo, kidonda kipelekwe hospitali hata kikionekana kidogo.