Bangili ya misuli haisomi mawazo

Tangu Meta, kampuni inayomiliki Facebook, ianze kuuza Neural Band mwaka 2025, bangili inayoongoza miwani ya kidijitali kwa miondoko ya vidole, wapo wanaoamini kwamba kifaa hicho husoma mawazo. Hakisomi, na jina lake, lenye neno la Kiingereza "neural" (la neva au ubongo), limechangia kuwapotosha.

Ukiamua kukunja kidole, amri hutoka kwenye ubongo, hupita uti wa mgongo na neva, hadi kwenye misuli iliyo kati ya kiwiko na kiganja. Misuli ikiipokea hutoa umeme hafifu mno, unaopimwa kwa sehemu za elfu za volti au chini ya hapo. Elektrodi, yaani vipande vidogo vya kupokea umeme vinavyogusa ngozi, huunasa, kisha programu hutambua umekusudia mwondoko gani. Wazo ambalo halijageuka amri kwa misuli haliachi chochote cha kunaswa.

Dhana nyingine inaniumiza zaidi: eti aliyepooza mkono hawezi kunufaika. Baadhi ya walioumia uti wa mgongo wamebakiwa na neva chache zinazofanya kazi. Wakijaribu kukunja kidole hakisogei, lakini misuli bado hutoa umeme unaopimika, na unaweza kusogeza kishale cha kompyuta bila kupandikiziwa kitu kichwani. Amri zikiwa zimekatika kabisa, elektrodi huhamishiwa kwenye misuli inayotii bado, kama ya bega au ya uso. Jasho na elektrodi kuhama kidogo huvuruga usomaji, ndiyo maana baadhi ya vifaa vya aina hii huhitaji kurekebishwa upya kila vinapovaliwa.