Walowezi wa mashambani hawakujitosheleza kwa kila kitu

Wengi huamini kwamba familia za wakulima wa Marekani katika karne ya 19 zilijitengenezea mahitaji yote, na kwamba kila mkulima alifuga farasi dume wake wa mbegu. Sivyo. Dume wa mbegu alikuwa ghali na mgumu kutunza, hivyo wachache tu walimmiliki; majira ya kuchipua mwenye dume alimzungusha kijiji kwa kijiji kwa ratiba iliyobandikwa hadharani, na wenye farasi jike walilipa ada ya kupandisha. Mara nyingi mapatano yaliruhusu ada hiyo idaiwe pale tu jike aliposhika mimba, au hata mtoto alipozaliwa akasimama na kunyonya, na kwa kuwa mimba ya farasi huchukua takriban miezi 11, mwenye dume alihitaji subira. Figure, dume aliyezaliwa mwaka 1789 na kutumika hasa jimbo la Vermont, ndiye chimbuko la aina nzima ya farasi iitwayo Morgan.

Dukani nako fedha taslimu ilikuwa adimu. Chumvi, misumari, kahawa na vitambaa viliandikwa kwenye daftari la madeni, kisha siagi na mayai ya mkulima vikapunguza deni hilo, ingawa siagi iliyochacha, nadhani, ilizua ubishi mwingi kuliko bei yenyewe.