Monitor haikuzamishwa vitani

Wengi huamini kwamba Monitor, manowari ya mvuke ya Marekani iliyovikwa chuma, ilizamishwa na mizinga ya Virginia, meli ya majimbo ya Kusini yaliyoasi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Imani hiyo inaeleweka: pambano lao ndilo husimuliwa kila mara, na baada yake hadithi hukatika.

Linganisha tarehe mbili tu. Pambano lilikuwa Hampton Roads, ghuba iliyo katika jimbo la Virginia, Machi 9, 1862. Zilipigana kwa saa kadhaa na zote zikabaki zinaelea. Virginia ililipuliwa na mabaharia wake wenyewe mwezi Mei. Monitor ilizama Desemba 31 mwaka huohuo, kwenye bahari ya Cape Hatteras, rasi ya jimbo la North Carolina, na ukifungua ramani utaona ni mbali. Ilikuwa ikivutwa na meli nyingine dhoruba ilipoikuta, na sitaha yake ilikaribia usawa wa maji, hivyo mawimbi yakaipanda. Walikufa watu 16, na wanastahili kusimuliwa walivyokufa kweli. Haikuwa imetimiza hata mwaka mmoja kazini.

Waliookolewa waliiona taa yake nyekundu ya ishara ikiwaka gizani, kisha ikatoweka. Taa hiyo iliopolewa kutoka sakafu ya bahari mwaka 1977.