Major Havoc: yale watu wanayoyasema kuhusu hii gemu, na ukweli wake

Hapa Busia upande wetu wa Uganda nina kibanda kidogo cha gemu, skrini tatu tu, na wengi wanakuja kucheza mpira, lakini kwenye laptopu yangu kuna gemu moja ya zamani inaitwa Major Havoc, ya kampuni ya Atari ya Marekani, ya mwaka 1983, enzi hizo ikichezwa kwenye mashine kubwa za kutumbukiza sarafu, na kila anayeichungulia ana lake la kusema. Mengi ya hayo si kweli. Naipenda hii gemu kabisa na inaniuma kuona watu wanaipita hivihivi bila kuijua, ndio maana naandika.

Lile nalosikia karibu kila siku ni hili: "Ankal, hii mbona ni mistari tu, hawakuimaliza?" Wanadhani ile mistari ni umaskini, eti mashine za zamani zilishindwa kupaka rangi. Sivyo. Kwenye TV ya kawaida ya wakati ule mwali wa elektroni, yaani ule unaochora picha kwenye kioo, ulikuwa unafagia skrini nzima kuanzia juu mpaka chini, hata pale pasipo na kitu. Major Havoc ilitengenezewa skrini ya vekta, yaani mwali unaenda moja kwa moja mahali kitu kilipo na kukichora, kama vile wewe ukichora nyumba kwa kalamu, unafuata kuta na paa basi, huhangaiki na karatasi yote. Ndio maana mstari wake umenyooka, hauna vile vimeno pembeni, na kwenye mashine yenyewe unawaka kweli kweli kwenye giza, laptopu haiwezi kuutoa vile hata ufanyeje. Na Atari hawakuwa wanajaribu jaribu, Asteroids ya 1979 ilikuwa ya vekta isiyo na rangi, Tempest ya 1981 ikaja na rangi, kwa hiyo kufika 1983 hiyo kazi walikuwa wameishika vizuri. Walichagua mistari.

Sasa kuna hili lingine ambalo hata wachezaji wazoefu wanalo, eti Major Havoc ni gemu mbili zimegandishwa pamoja, nusu ya kupiga risasi angani na nusu ya kurukaruka, na kwamba kila moja ingekuwa bora ikiwa peke yake. Hapa siwezi kukubali hata kidogo na naomba mnivumilie nieleze. Hadithi yake ni kwamba himaya ya maadui inayoitwa Vaxxian imewafanya binadamu watumwa, wanasayansi wachache wakaponyoka, wakamtengeneza upya shujaa Meja Rex Havoc kwa kunakili mwili wake, na wewe ndiye unamwongoza. Unaanza ndani ya chombo, unapigana na kundi la adui, ukilimaliza inatokea stesheni yao na lazima utue palepale penye alama ya kutua, ukikosea umekwisha, ni kama dereva wa lori hapa mpakani anarudi kinyumenyume kwenye yadi iliyojaa, hapo nguvu haikusaidii. Ukitua unashuka kwa miguu. Kuanzia hapo ni kuta, vijia, maroboti, na mwili wako unaelea kwa sababu mvutano ni mdogo, ukisharuka huwezi kusimama utakavyo, na hewa ya oksijeni uliyobeba inapungua. Unatafuta kinu cha nyuklia (watoto hapa wanakiita tu jiko), unakigusa, na saa inaanza kuhesabu kurudi nyuma! Ile njia uliyoingilia polepole sasa unatakiwa uirudie mbio, uingie kwenye chombo, uondoke kabla stesheni haijalipuka.

Mnaona sasa? Ukiwa angani wewe ni mkubwa, una silaha. Ukishuka unakuwa kamtu kadogo kanakoruka, huna bunduki ya kumaliza shida zako. Ile hofu ya ndani inatoka kwenye ile nguvu uliyokuwa nayo dakika moja nyuma, na ule utamu wa kurudi kwenye chombo unatokana na ile hofu. Ukitoa nusu moja, nyingine inakufa. Mtu anayesema zimegandishwa mimi naamini hajawahi kufika kwenye kinu, ameishia kwenye risasi.

Wengine wanasema eti imemwiga Mario, yule fundi anayerukaruka wa gemu za Nintendo. Donkey Kong ya Nintendo, alikoanzia huyo Mario, ni ya 1981, ndio, na kuruka kulikuwepo, lakini Super Mario Bros. ambayo watu wanaiwaza wakisema hivyo ilitoka 1985, miaka miwili baada ya Havoc. Kwa hiyo hilo liishe.

Kuna na wale wanaosema inaendesheka vibaya, "inateleza sana". Hawa nawaelewa maana wanacheza kwa kibodi. Mashine ya asili haikuwa na mkono wa kusukuma huku na huku, ilikuwa na kigogo kinene kilicholala, kama cha kusukumia chapati, kinachozunguka, unakiviringisha kwa kiganja kwenda kushoto au kulia, polepole au kwa kasi, na Havoc anafuata mwendo wa mkono wako. Kibodi inajua mambo mawili tu, umebonyeza au hujabonyeza. Chukua maus, punguza kasi yake kidogo, utaona gemu tofauti kabisa. Vijana wangu wawili walikuwa wameshaikataa, nikawapa maus, wakakaa nayo mpaka umeme ukakatika na betri ikaisha.

Na ile gemu ndogo kwenye kona ya skrini, ambayo unacheza wakati chombo kinasafiri? Wengine wanadhani ni kosa la programu au kuna mtu ameiingiza baadaye. Ni Breakout, ile ya Atari wenyewe ya 1976, wameiweka pale makusudi, ukivunja matofali yote unapata uhai wa ziada. Mimi huwa siiachi.

Halafu kuna lile la jumla kwamba gemu isiyojulikana basi ilikuwa mbaya. Angalia mwaka wenyewe. 1983 ndio soko la gemu la Marekani lilianguka, maduka yamejaa gemu nyingi mbovu, kompyuta za nyumbani zimeshuka bei, na Atari mwaka huo peke yake ilipata hasara ya zaidi ya dola milioni 500, mwaka uliofuata kampuni ikagawanywa na upande wa mashine za nyumbani ukauzwa. Mtu akifungua duka la nguo siku soko linaungua hatusemi nguo zake zilikuwa mbaya. Walioitengeneza ni Owen Rubin, na pamoja naye Mark Cerny aliyekuwa kijana mdogo tu, na huyo Cerny ndiye baadaye akawa msanifu mkuu wa PlayStation 4 na PlayStation 5. Nikiwaambia hivyo watoto wanaokuja kucheza mpira wanaigeukia laptopu.

Wala si kweli kwamba haipatikani tena. Imo kwenye Atari 50, mkusanyiko uliotoka 2022, unanunua kihalali kwa kompyuta au hizi mashine za kisasa.

Juzi mmoja wa hao wa mpira, miaka kumi na mbili hivi, alifika kwenye kinu kwa mara ya kwanza. Akakigusa, akaruka juu kushangilia na kiti kikaanguka, halafu akaona namba zinashuka kwenye skrini na akaniuliza, "Ankal, mlango ulikuwa upande gani?"